Kuzamia kwa Boti Kigoma: Nusu ya Kazi Iko Juu ya Maji

Cheti cha kuzamia nilikipatia Dar es Salaam, baharini, na mbizi zote za mafunzo zilianzia ufukweni. Unavaa vifaa mchangani, unatembea mpaka maji yafike kifuani, unavaa mapezi, unainama, unashuka. Ukihisi kitu hakiko sawa unasimama kwa miguu yako, unavua maski, unaongea na mwalimu. Ni njia nzuri ya kujifunza na sina neno nayo.

Nyumbani Kigoma mambo ni mengine. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya bonde la ufa, na penye kina kirefu kabisa linafika mita 1,470. Ukielekea kaskazini mwa mji, njia ya Gombe, mlima unaouona juu ya ufukwe unaendelea kushuka hivyohivyo chini ya maji. Miamba yenye samaki huifikii kwa kutembea, unapelekwa na boti. Kwa hiyo siku niliyozamia nyumbani ndiyo siku niliyozamia kwa boti kwa mara ya kwanza, na tena kwenye maji yasiyo na chumvi kwa mara ya kwanza. Naandika niliyojifunza hasa kwa sababu ya watu wa botini. Kwenye kozi, boti ilitajwa kama usafiri tu.

Ilikuwa Septemba 2024. Uvuvi ulikuwa umesimamishwa ziwa zima kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na sasa mitumbwi ilikuwa imerudi kazini. Tulikuwa watatu: mwalimu wangu, mtu wa makamo aliyezamia ziwa hili kwa miaka mingi pamoja na watafiti wa samaki; nahodha wetu, mzee wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, aliyevua dagaa tangu ujana wake; na mimi.

Kazi ilianza jioni ya kuamkia safari, wakati wa kujaza mitungi. Kompresa yetu ilikuwa ndogo, ya petroli, yenye kelele za kuamsha mtaa. Kabla ya kuiwasha mwalimu aliokota vumbi, akaliachia hewani, akatazama linakokwenda. Kisha akaifunga paipu ya kuvutia hewa kwenye mti, juu, upande upepo unakotoka, na kuigeuza injini ili moshi wake uende upande wa pili. Moshi ule una kaboni monoksaidi. Ukivuta kidogo ukiwa nchi kavu huenda kichwa kikauma tu. Ukivuta hewa hiyohiyo ukiwa chini ya maji, shinikizo limeongezeka na sumu inayoingia kwenye damu imeongezeka pamoja nalo. Upepo ulipogeuka alizima mashine, akasubiri, akahamisha paipu. Mitungi ilipofika baa 200 za shinikizo, yaani imejaa, alifungua valvu kidogo, akanusa, akaniambia na mimi ninuse. Haikuwa na harufu yoyote. Akasema hilo peke yake halitoshi, maana kaboni monoksaidi yenyewe hainuki, na ndiyo sababu anaihangaikia paipu kuliko pua.

Baadaye tulikaa na daftari. Ziwa hili liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia, yanayokuambia unaweza kukaa kina gani kwa muda gani, yametengenezwa kwa ajili ya bahari. Kuanzia mita 300 hivi juu ya bahari hesabu hubadilika, kwa sababu hewa inayokukandamiza juu ya maji ni nyepesi zaidi. Hapa Kigoma ni kama asilimia 91 au 92 ya ile ya Dar. Naitrojeni uliyoivuta ukiwa chini inapotaka kutoka mwilini, inakuta shinikizo dogo zaidi huku juu, kwa hiyo mapovu yanaweza kujitengeneza kwa urahisi zaidi. Mwalimu aliandika kwamba mita 18 za hapa tutazihesabu kama karibu mita 20 za baharini, kisha akaamua hatutafika hata 18. Tungeishia 14. Saa yangu ya kuzamia inajirekebisha yenyewe kufuatana na mwinuko, lakini alitaka niijue hesabu bila saa.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Una safari ya kwenda Kasulu wiki hii?"

Nilikuwa nayo, kulikuwa na shughuli ya ndugu. Kasulu iko juu zaidi ya Kigoma kwa mamia ya mita, na mwili uliotoka kuzamia unaiona barabara ile kama unavyoiona ndege inayopaa. Hata treni ya kurudi Dar inakupandisha mpaka Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, kabla ya kukuteremsha. Wazamiaji hushauriwa wakae saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kama wamezamia zaidi ya mara moja, kabla ya kupanda ndege. Sisi tulikubaliana nilale Kigoma, niende kesho yake jioni. Niliipigia familia simu palepale. Kigoma hatuna chumba cha shinikizo cha kutibu mtu aliyepatwa na ugonjwa wa kupanda haraka, na jambo hilo moja ndilo lililoamua karibu kila kitu tulichopanga.

Alfajiri Kibirizi imejaa watu. Mitumbwi ya dagaa inaingia kutoka usiku, taa zimeshazimwa, kina mama wanapanga bei huku wengine wakimwaga dagaa na kuwatandaza kwa mikono. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa boti lake, ametazama kusini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Tafuta mkate ule. Tumbo tupu ndilo linalotapika."

Nilikula mkate na ndizi mbili, na tumbo langu lilitulia safari nzima. Alinikalisha katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, akaniambia nitazame milima ya Kongo ng'ambo, nisitazame miguu yangu. Mitungi aliilaza chini, akaikaza kwa magunia ili isibingirike. Mtungi uliosimama kwenye boti unaotikisika unaweza kumvunja mtu mguu, au ukaanguka kwa valvu yake.

Kabla ya kuondoka aliongea na mwalimu kwa namna ambayo nimeikumbuka kuliko darasa lolote.

"Mnakaa chini dakika ngapi?"

"Arobaini, mzee."

"Zikipita arobaini?"

"Zikipita arobaini na tano hujatuona, fuata mapovu. Kama huoni mapovu, zunguka upande tunaoelekea, kaskazini, ukiwa umekata injini. Zikifika sitini, piga simu."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, hewa yako ikiisha kabla ya yake, mnafanyaje?"

"Tunapanda, mzee."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Haya. Twende."

Alitaka kujua ni vichwa vingapi vitatokea juu ya maji, na vitatokea pamoja au la. Mpaka leo sijapanda boti la kuzamia bila kuhakikisha maswali hayo yameulizwa na yamejibiwa mbele ya anayeendesha.

Tulikwenda kaskazini kwa muda, ufukwe ukiwa kulia, mpaka mawe makubwa yalipoanza kuingia majini. Mzee alikata injini mapema, akamalizia kwa kasia, akashusha nanga mahali penye kina cha mita 6. Mwalimu alipandisha bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa kukata kona, alama ya kwamba kuna watu chini. Mzee aliitazama akasema wanaopita hapa hawaijui hiyo. Njia hii ndiyo ya boti za abiria ziendazo Mwamgongo na vijiji vingine vya ng'ambo ya Gombe. Akavua shati lake jekundu, akaliweka kando ya kiti, tayari.

Kuvaa vifaa ndani ya boti ni kazi ya kuketi. Usisimame na mtungi mgongoni. Nilikaa juu ya ukingo, mwalimu akanishikia mtungi mpaka nikafunga jaketi, ile inayojazwa hewa ili uelee. Risasi, yaani vipande vya uzito vya kukusaidia kuzama, nilizokuwa navaa baharini zilikuwa kilo 8. Hapa nilivaa 6, kwa sababu maji yasiyo na chumvi ni mepesi na hayakuinui kama bahari. Ukiingia na uzito wa baharini utashuka kama jiwe, na chini ya mwamba huu hakuna sakafu ya karibu ya kukupokea. Tukakaguana: jaketi inajaa na inatoa, risasi zimefungwa kwa namna ambayo naweza kuziachia kwa mkono mmoja, vifungo vyote, hewa. Kwenye hewa mwalimu alinifanya nivute pumzi nne kwenye regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, huku macho yangu yakiwa kwenye geji ya hewa. Mshale ukitikisika kila unapovuta, valvu haijafunguliwa vizuri. Mshale wangu ulitulia kwenye 200.

Boti dogo likiwa na mtu mmoja tu upande mmoja linalala. Kwa hiyo tulikaa mmoja huku, mmoja kule, na kuingia kwa pamoja kinyumenyume. Mzee alitazama nyuma yangu, akatazama nyuma ya mwalimu, kisha akahesabu. Kiganja cha kulia kwenye maski na regyuleta, cha kushoto kwenye mkanda wa maski, kidevu kifuani. Tatu. Dunia ikapinduka, mapovu yakajaa, halafu jaketi ikanirudisha juu na nikaona uso wa mzee akiwa ameinama kunitafuta. Nikaweka ngumi juu ya kichwa: niko sawa. Akainua mkono wake. Hapo tu ndipo mwalimu aliponionyesha kidole gumba chini.

Tulishuka kwa kufuata kamba ya nanga. Hilo nalishauri kwa kila anayeanza, kwa sababu mkono ulioshika kamba unaweza kusimama popote. Kwenye mita 3 sikio la kushoto liligoma. Nilisimama, nikapanda kidogo, nikabana pua na kupuliza taratibu, likafunguka, nikaendelea. Mita 10 za mwanzo ndizo zinazobadilisha shinikizo kwa uwiano mkubwa kuliko zozote zinazofuata, na hakuna sababu ya kuzikimbilia. Mwalimu alisubiri bila kunionyesha ishara yoyote ya haraka.

Kisha kamba ikaisha na mwamba ukaanza.

Nimekua nikila samaki wa ziwa hili na kuogelea kando yake, na sikuwa nimewahi kuona wanaishije. Juu ya kila jiwe kulikuwa na samaki wanaolamba ukoga unaoota juu yake, kila mmoja akilinda kipande chake na kumfukuza jirani akikaribia. Ndani ya mwanya mmoja, kwenye mita 8 hivi, niliona samaki wadogo weusi tititi wenye vitone vyeupe mwili mzima. Mwalimu aliandika kwenye kibao chake: Tropheus duboisi, wachanga. Wakikua vitone hupotea, kichwa hugeuka buluu na mwili huvaa mshipi mpana wa rangi ya mwanga. Wanapatikana huku kwetu, upande huu wa ziwa, na ndio ambao vijana wa Kigoma huwakamata kwa nyavu ndogo na kuwauza kwenda nchi za mbali kama samaki wa mapambo. Mama yao huwatunza wakiwa mayai ndani ya mdomo wake. Ziwa hili lina jamii zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo, sikilidi, na karibu zote hazipo mahali pengine popote. Nililijua hilo kwa kusoma. Kuning'inia mbele ya mwanya ule nikiwahesabu vitone ni jambo jingine kabisa.

Mbele kidogo palikuwa na mchanga uliojaa maganda ya konokono, na mwishoni mwake kuhe wawili, wakubwa kuliko nilivyowahi kuwaona sokoni. Kati yao kulikuwa na wingu la vifaranga. Mwalimu alinizuia kwa mkono tusisogee. Mmoja alitugeukia na kusimama mbele yetu, mapezi wazi, akikataa kuondoka. Tulizunguka mbali. Nilifikiria ile miezi mitatu ya kusimamisha uvuvi, manung'uniko yote niliyoyasikia mtaani, manung'uniko ya haki kwa mtu ambaye hana shamba wala duka, na nikaona kwa macho kile kilichokuwa kinangojewa.

Upande wa kushoto, mbali na mwamba, kulikuwa na buluu tupu. Hapo ndipo kuelea vizuri kunapokuwa na maana. Mwanafunzi wa ufukweni akipoteza usawa anagusa mchanga. Hapa ukipoteza usawa unaendelea kushuka, na chini zaidi, kupita mita 100 mpaka 200, maji hayana oksijeni kabisa na hakuna samaki anayeishi humo. Niliweka jicho kwenye saa, nikajaza jaketi kwa mibonyezo mifupi, na nikajifunza kwamba pumzi ndefu ya taratibu inanyanyua mwili na pumzi iliyotolewa inaushusha. Geji ilipofika baa 100 nilimwonyesha mwalimu. Tukageuka bila majadiliano.

Kwenye mita 5 tulisimama dakika 3 za usalama tukiwa tumeshika kamba. Konyeza walikuwa wamejaa pale. Nilikunja mikono, kwa sababu konyeza wa Dar wananijua. Hawa ni wa ziwa, wadogo, upana wa sentimita mbili hivi, wanapitisha mwanga, na hawakuniwasha hata waliponigusa shingoni.

Hapo nilisikia injini.

Chini ya maji sauti husafiri kwa kasi ya zaidi ya mara nne ya hewani, na masikio hayawezi kukuambia inatoka wapi. Inatoka kila mahali. Ilikuwa inakua. Mwalimu alinionyesha kiganja: tulia, usipande. Tulibaki pale, baada ya dakika 3 zikapita nyingine, mpaka mlio ulipobadilika, ukapinda, ukafifia. Ndipo alipopuliza boya refu la rangi ya chungwa, akaliachia lipande kabla yetu, nasi tukalifuata polepole, mkono mmoja juu, tukizunguka kutazama pande zote.

Mzee alikuwa amesimama omo na shati mkononi. Boti la abiria lilikuwa linakuja moja kwa moja juu ya mapovu yetu, akalipungia na kuliitia mpaka likakata kona kwenda nje. Alilieleza kwa maneno machache tu, huku akinipokea risasi. Hizo ndizo zinazopanda kwanza. Kisha jaketi na mtungi kwa pamoja. Mapezi unayaacha miguuni mpaka mwisho, maana ndiyo yanayokusukuma juu ya ukingo. Ukiyavua mapema utaning'inia ubavuni mwa boti bila nguvu ya kupanda.

Tulikuwa na mtungi mwingine kila mmoja kwa ajili ya mbizi ya pili. Tulijifunika, tukanywa chai ya chupa, tukasubiri mwili upumzike. Mzee hakunywa. Alikuwa anatazama mstari mweusi uliojichora juu ya maji kusini.

"Kusi linaamka," alisema.

Mwalimu alitazama. Mahali tulipokuwa maji yalikuwa bado shwari. "Tuna nusu saa, mzee?"

"Mnayo. Ila mkitoka mimi sitayaona mapovu."

Mwalimu alianza kufungua regyuleta kutoka kwenye mitungi. Hakubishana wala hakueleza. Tulipokaribia Kibirizi mawimbi yalikuwa yanavunjika na kumwaga maji ndani ya boti, na mtu aliyekuwa mita 50 kutoka kwetu kwenye mtumbwi alikuwa anapotea na kuonekana. Kichwa cha mzamiaji kingeonekana vipi pale? Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini ndio mwenye ziwa, na mara nyingi asubuhi ndiyo saa pekee anayowaachia watu.

Kwa anayetaka kuanza: nenda na mwalimu anayelijua ziwa hili, si bahari tu. Waulize wavuvi wa sehemu husika kuhusu mamba kabla ya kulowa. Kuna nyoka wa majini pia, mwenye sumu kali, anayekula samaki katikati ya mawe. Hana shida na mtu asiyemshika. Kichocho kipo kwenye fukwe zenye majani na konokono, kwa hiyo wiki kadhaa baada ya kuzamia nenda kapime, dawa yake ipo. Vaa suti ya mpira hata kama maji yanaonekana ya vuguvugu. Dakika 40 ni nyingi.

Tangu siku hiyo tumezungumza na mzee kuhusu mambo mawili. La kwanza limefanyika: bendera sasa tunaionyesha kwa manahodha wa boti za abiria pale Kibirizi, uso kwa uso, asubuhi kabla ya kuondoka, na mzee ndiye anayewaeleza maana wanamsikiliza yeye. La pili bado. Botini hatuna mtungi wa oksijeni ya dharura, ile inayotakiwa kupewa mtu mara tu anapoonyesha dalili baada ya kupanda, wakati msaada mwingine uko mbali. Mtungi wenyewe, barakoa yake na mtu wa kutufundisha kuutumia vinatafutwa. Mzee amesema na yeye afundishwe, kwa kuwa siku itakayohitajika sisi wawili huenda ndio tutakaokuwa tumelala.